Ratili Sitini na Nane

Wazee bure, alisema kijana wa dirishani,
na shangazi Zamzam akakataa kuwa mzee,
akalipa kwa sarafu za dirhamu,
moja moja, kama anayevuta tasbihi.

Ndani baridi. Ndege zimepangwa juu ya sakafu inayong'aa,
zimesuguliwa hata chini ya mabawa,
hazina tone la mafuta, hazina kinyesi cha kunguru.
"Kama maiti zimekwisha oshwa," akasema,
"zinangoja sanda tu."
Nikamwambia ashushe sauti.
Akaniuliza ni nani hapa Sharja anayejua Kiswahili.

Tukapita chumba walicholala marubani wa Kizungu,
kitanda, kopo la chai, gazeti lililokauka,
tukapita ramani yenye uzi mwekundu
unaotoka mji hadi mji bila kumgusa mtu.
Shangazi hakusoma kitu. Alikuwa na haraka
ya mwanamke aliyeacha chungu motoni.

Alikuwa anatafuta mizani.

Ilikuwapo, pembeni, nyuma ya kamba:
chuma cheusi, sahani pana, uso wa saa na mshale wake,
na karani wa sanamu, suti ya kijivu,
vidole vya plastiki vimeshika kalamu isiyo na wino.

"Siye," akasema.
"Yule alikuwa na chunjua hapa, kidevuni,
na jasho limemchora ramani mgongoni."

Mwaka wa sitini na sita. Ana miaka kumi na mmoja.
Wanakwenda Bahareni, baba kapata kazi ya duka la vipuri,
na kila abiria anapimwa pamoja na mzigo wake,
na kila ratili ya ziada ina bei yake.
Mama kamvisha magauni manne, moja juu ya jingine,
chini yake kanga, sita au saba,
na kiunoni, kwa mshipi wa kitambaa, kamfunga
jino la mbuzi ya nazi.
Kigoda chenyewe walikiacha Unguja.
"Mbao zipo kila mahali," mama alisema. "Meno hakuna."

Mshale ukapanda. Ukapita themanini. Ukaendelea.
Mtoto mwembamba kama ufito, amevimba kama mto wa sufi,
akivuta pumzi, kitu kinalia ndani yake: ting.
Karani akamtazama. Akautazama mshale.
Akamtazama tena, pale pale kiunoni.
Halafu akaandika, kwa mwandiko mzuri:
sitini na nane.

Hakutabasamu, shangazi anasisitiza.
Watu wakisimulia wema hupenda kuupaka tabasamu.
Yeye alisema tu: mwingine.

Nimekula wali wa jino lile miaka arobaini.
Sikujua kuwa kuna mtu alilisamehe.

Shangazi akainua kamba.
Gul Zamin, mlinzi, akaja mbio, kiganja juu, hapana mama, hapana,
na shangazi akamjibu kwa Kiswahili kirefu, taratibu,
kana kwamba shida ya Gul Zamin ni masikio.
Sijui alielewa nini. Labda naye ana mama.
Labda siku za Jumanne mkubwa wake hafiki.
Akageuka, akaanza kuzikagua ndege.

Shangazi akavua ndara, akapanda.
Mshale haukutikisika. Umeganda kwenye sifuri,
kutu, au gundi ya mafundi.
Akangoja, mgongo umenyooka, mkoba kifuani.
"Haya," akaliambia lile sanamu, "andika."

Njia ya kurukia ndege sasa ni barabara.
Kuna duka la miwani, benki, kuku wa kuchoma,
na taa nyekundu iliyotusimamisha katikati yake,
magari mbele, magari nyuma, honi.
Shangazi, ambaye hafungi mkanda hata nimlilie,
akauvuta, akaubana mpaka ukalia,
akaniuliza kama mlango wangu umefungika vizuri.